Mbu si sindano inayoruka

Mvua za masika zilikuwa zimeanza kupungua wakati mama mmoja, mchuuzi wa omena kutoka Asembo Bay, alipoletwa na mwanawe kwenye kliniki yangu mjini Kisumu. Alitembea kama mtu aliyezeeka ghafla. Mabega, viwiko, magoti na vifundo vya miguu vilikuwa vinamuuma, ngozi ilikuwa na vipele vya kuwasha, na matezi ya shingoni yalikuwa yamevimba.

Mkobani mwake mlikuwa na pakiti tupu za dawa za malaria. Ilikuwa mara ya tatu kumeza dawa hizo katika muda wa mwezi mmoja, na hakuna aliyekuwa amempima damu kwanza. Tulipompima hatukuona kiini chochote cha malaria.

"Daktari," akaniambia, "karai la omena siwezi kuliinua. Hata leso siwezi kujifunga. Hii ni malaria gani?"

Nilimweleza kwamba huenda haikuwa malaria kabisa, bali homa ya virusi vinavyoletwa na mbu. Alinyamaza kidogo, akamtazama mwanawe, kisha akapunguza sauti. "Kama mbu anaweza kubeba virusi vya homa, mbona mnatuambia hawezi kubeba ayaki?"

Ayaki ni Ukimwi, kwa wasiojua Kidholuo. Nilimjibu kwa sentensi mbili tu kwa sababu foleni nje ilikuwa ndefu. Lakini swali lake lilikuwa zuri kuliko jibu langu, na ninajua wasomaji wengi wa ukurasa huu wanalo moyoni ingawa wanaona haya kuliuliza. Leo nataka kulilipa deni hilo.

Watu wengi humwona mbu kama sindano yenye mabawa: anafyonza damu kwa huyu, anaidunga kwa yule. Hata sisi madaktari tumechangia picha hiyo kwa kutaka kurahisisha mambo. Picha hiyo si ya kweli, na inatupotosha mara mbili. Inatufanya tuogope tusichopaswa kuogopa, na inatufanya tusijali tunachopaswa kujali.

Mdomo wa mbu una njia mbili. Moja humwaga mate kwenye ngozi ili damu isigande, nyingine hupandisha damu tumboni. Damu aliyokunywa kwa jirani haishuki tena kuingia mwilini mwako. Kinachokuingia ni mate yake. Basi, ili virusi vitoke kwa jirani vifike kwako, ni lazima kwanza vitoke tumboni mwa mbu vifike kwenye mate yake. Kwa maneno mengine, ni lazima mbu mwenyewe aambukizwe. Safari hiyo ina milango minne, na virusi vingi duniani haviwezi kupita hata ule wa kwanza.

Mlango wa kwanza: utumbo

Ni mbu jike pekee anayefyonza damu, kwa sababu anahitaji protini yake ili atengeneze mayai. Damu ikifika utumboni, huanza kusagwa mara moja, na muda si muda huanza kuzungukwa na utando unaoitenga na ukuta wa utumbo. Virusi vilivyomo ndani ya damu hiyo vina muda mfupi. Ni lazima vishike seli za ukuta wa utumbo na kuingia ndani yake kabla ya kusagwa pamoja na chakula.

Kushika seli si jambo la bahati. Juu ya kila seli kuna vishikizo vya aina yake, na juu ya kila kirusi kuna protini inayofanya kazi kama ufunguo. Ufunguo usipolingana na kufuli, mlango haufunguki.

Hapa ndipo safari ya virusi vya Ukimwi inapokomea. Ufunguo wake hufungua seli za kinga za binadamu, na mbu hana seli za namna hiyo. Virusi vya Ukimwi vikiingia tumboni mwa mbu husagwa kama chakula kingine, wala havizaani wala havifiki kwenye mate.

Asiyeamini maabara na atazame vijiji vyetu. Mwambao wa ziwa una mbu wengi na una watu wengi wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Kama mbu angekuwa anavieneza, watoto wa miaka saba na minane, ambao huumwa na mbu kila usiku, wangekuwa wanaambukizwa sawa na wazazi wao. Sivyo mambo yalivyo. Ugonjwa huo hufuata ngono, uzazi, maziwa ya mama na damu, wala haufuati mbu. Kwa hivyo mama yule alale na mjukuu wake chini ya neti moja bila wasiwasi.

Mlango wa pili: kutoka utumboni

Virusi vya homa za mbu, kama vile dengi, chikungunya na o'nyong'nyong, vina ufunguo unaofaa. Vikiingia kwenye seli ya utumbo, huiteka na kuifanya kiwanda cha kutengeneza virusi zaidi. Lakini bado vimo ukutani. Nyuma ya ukuta huo kuna tabaka gumu ambalo ni lazima vilipenye ili vifike kwenye mwili wa mbu. Kuna mbu ambao virusi hunasa hapo hadi wanakufa, na mbu wa namna hiyo hata akikuuma hakuambukizi.

Mwaka 2020 watafiti huko Marekani walichapisha jambo ambalo lilinishangaza. Walionyesha kwamba mbu wa edesi aliyekwisha kuambukizwa akifyonza damu mara ya pili, hata damu safi isiyo na virusi, utumbo wake hutanuka na lile tabaka hupata vitundu vidogo mno. Virusi hutoroka kupitia hapo mapema zaidi. Mbu anayekula mara nyingi, basi, huwa hatari upesi kuliko tulivyodhani. Na mbu anayefukuzwa mkononi akarudi mguuni, kisha akahamia kwa mtoto, ndiye anayekula mara nyingi.

Mlango wa tatu: vita mwilini

Virusi vikitoka utumboni huingia katika maji yanayozunguka mwilini mwa mbu, ambayo kwake ni kama damu. Huko hukutana na ulinzi. Mbu hana kingamwili kama zetu, lakini ana kitu ninachopenda kukiita makasi. Virusi hivi vinapozaana hutengeneza nyuzi mbili mbili za urithi. Seli za mbu huzitambua nyuzi hizo kuwa ngeni, huzikatakata vipande vidogo, kisha hutumia vipande hivyo kama alama za kutafuta na kukata nyingine zinazofanana nazo.

Jambo hili lilijaribiwa kwa virusi vyetu wenyewe. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, Marekani, waliyazima makasi hayo ndani ya mbu wa gambiae, yule mbu wa malaria, kisha wakampa virusi vya o'nyong'nyong. Virusi vilienea mwilini mwake zaidi kuliko katika mbu ambao makasi yao yalikuwa mazima. Maana yake ni kwamba mbu hupigana na virusi hivi kila siku. Hashindi kabisa wala hashindwi kabisa. Virusi hubaki kwa kiasi ambacho hakimuui, naye huvibeba hadi mwisho wa maisha yake.

Mlango wa nne: tezi za mate

Hatua ya mwisho ni virusi kuingia katika tezi za mate, kuzaana humo na kumwagikia kwenye mate. Tangu siku hiyo, kila anapouma, anaweza kuambukiza.

Safari yote hii huchukua muda. Kwa dengi, kwa kawaida ni siku 8 hadi 12. Chikungunya huenda kwa kasi zaidi. Joto huiharakisha safari na baridi huichelewesha, ndiyo sababu mji wa joto kama Kisumu hauwezi kulinganishwa na miinuko ya Kericho.

Ndugu msomaji, shika jambo hili moja hata ukisahau mengine yote: mbu kijana hana neno. Anayetuumiza ni mbu mzee. Aliyeambukizwa juzi bado hawezi kukuambukiza, na akifa kabla ya siku zake kutimia, virusi hufa naye.

Hebu tupige hesabu. Chukua mbu 100 ambao wamefyonza damu yenye virusi leo. Wakifa 10 katika kila 100 kila siku, baada ya siku 10 watabaki kama 35. Tukiongeza vifo vyao hadi 30 katika kila 100 kwa siku, baada ya siku hizo hizo 10 watabaki 3 hivi. Hatukuwamaliza mbu. Tumewanyima uzee tu, na ugonjwa umekosa wabebaji.

Asembo ilivyouonyesha ulimwengu

Haya si maneno ya vitabuni tu. Mwishoni mwa miaka ya 1990, taasisi ya utafiti wa kimatibabu ya KEMRI na wenzao wa CDC wa Marekani waligawa neti zilizotiwa dawa katika vijiji vya Asembo na Gem, kisha wakalinganisha na vijiji ambavyo vilikuwa bado havijapewa. Vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa asilimia 16, yaani karibu kifo kimoja katika kila sita. Hata familia zisizo na neti, zilizoishi ndani ya mita 300 kutoka vijiji vyenye neti, zilipata nafuu. Neti ya jirani ilikuwa inawaua mbu kabla hawajazeeka.

Utafiti huo ulihusu malaria. Lakini hapa kwenye ziwa kuna jambo ambalo watu hawalizungumzii vya kutosha: mbu wa malaria ana mzigo wa pili.

Mwaka 1959, homa isiyojulikana ilizuka kaskazini mwa Uganda, upande wa Gulu. Waacholi, ndugu wa Wajaluo kwa lugha, waliiita o'nyong'nyong kwa jinsi ilivyodhoofisha viungo. Hadi kufikia mwaka 1962 ilikuwa imewakumba watu kama milioni mbili, ikifuata mwambao wa ziwa na kuingia Kenya na Tanganyika. Wataalamu wa Entebbe walipovitafuta virusi hivyo walivikuta ndani ya anofelesi, yaani gambiae na funestus. Jambo hilo liliwashangaza, kwa kuwa virusi vingi vya homa za binadamu hubebwa na mbu wa jamii nyingine.

Kisha virusi vikapotea machoni pa watu. Mwaka 1978 vilipatikana ndani ya funestus kwenye uwanda wa Kano, karibu na Kisumu. Mwaka 1996 vikazuka tena kusini mwa Uganda, katika wilaya kama Rakai, Masaka na Mbarara, na kuendelea hadi mwaka 1997.

Linganisha na chikungunya, ambayo ilitambuliwa Newala, kusini mwa Tanganyika, mwaka 1952. Virusi hivi viwili ni ndugu wa karibu sana, na mgonjwa hulia viungo vile vile. Lakini ufunguo umetofautiana. Chikungunya hupendelea edesi, mbu mwenye madoa meupe ambaye huuma mchana na huzaliana katika mitungi, mapipa na tairi. O'nyong'nyong hupita vizuri katika anofelesi wa usiku. Tofauti ndogo katika protini chache huamua ni mbu yupi ataambukizwa, na kwa hiyo ni nyumba ipi itaugua, na saa ngapi.

Tofauti hizo hazikai mahali pamoja. Mwaka 2004 chikungunya ilizuka Lamu wakati wa ukame, watu walipokuwa wakiweka maji majumbani kwa siku nyingi, na uchunguzi uliofuata ulikadiria kwamba watu watatu katika kila wanne kisiwani waliambukizwa. Ilipita Mombasa, ikaenda Ngazija na visiwa vingine, hadi Réunion. Huko, mwaka 2005 na 2006, badiliko la sehemu moja tu ya protini ya virusi liliviwezesha kumwambukiza vizuri mbu mwingine, edesi wa albopictus, ambaye ndiye aliyekuwa amejaa kisiwani. Karibu theluthi moja ya wakazi waliugua.

Badiliko moja tu! Ndiyo sababu sikubaliani na wenzangu wanaosema mambo haya ni ya maabara na hayamhusu daktari wa kawaida.

Makosa yetu, na langu likiwemo

Sisi tunaotibu watu karibu na ziwa tuna mazoea mabaya. Mtu akija na homa, mkono unaandika "malaria" kabla hajamaliza kujieleza. Nami nimefanya hivyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Malaria ingali ipo, ingali inaua, na kila homa ni lazima ipimwe malaria kwanza. Lakini kipimo kikisema hakuna, tukiamini. Kumpa mtu dawa ya malaria mara tatu kwa homa ambayo si malaria ni kumpotezea fedha na kumwacha na maumivu yake. Wengine huongezewa dawa za bakteria, ambazo haziui virusi hata kimoja.

Watoto wenye homa waliochunguzwa Kisumu na Chulaimbo kuanzia mwaka 2014 wameonyesha kwamba dengi na chikungunya zipo huku magharibi, si Mombasa tu. Wengine walikuwa na virusi na malaria kwa pamoja. Kwa hiyo hata kipimo cha malaria kinapoonyesha viini, hakimalizi habari yote.

Mama wa Asembo Bay sikuweza kumthibitishia ugonjwa wake. Damu ingelazimika kupelekwa kwenye maabara ya utafiti, naye hakuwa na nauli ya kurudi mara tatu kufuata majibu. Nilimpa paracetamol, nikamshauri anywe maji mengi na apumzike. Nilimkataza aspirini na dawa kali za maumivu zinazouzwa madukani, kwa sababu ikiwa homa ni dengi, dawa hizo zinaweza kuongeza kutoka damu. Niliandika kwenye daftari: "homa ya virusi, haijulikani." Nina maandishi mengi kama hayo katika daftari hilo.

Hapo ndipo ninapotoa maoni yangu waziwazi. Mwambao huu ni miongoni mwa sehemu ambazo mbu wake wamechunguzwa sana barani Afrika. Kwa miaka mingi wamekamatwa, wakahesabiwa na kupasuliwa ili kutafuta viini vya malaria. Nasema mbu hao hao watafutwe virusi pia, kwa utaratibu wa kila msimu wa mvua wala si wakati wa mradi tu. Kazi kubwa ya kuwakamata tayari inafanywa. Tukijua kwamba virusi vimeingia ndani ya funestus mwezi wa Aprili, hatutashangaa watu wakianza kuchechemea mwezi wa Mei.

Nasema pia hospitali za kaunti za Siaya, Kisumu na Homa Bay ziwezeshwe kupima virusi hivi vitatu, au angalau kutuma damu na kupata majibu mgonjwa angali mgonjwa. Jibu linalofika baada ya miezi mitatu humsaidia mwandishi wa ripoti tu.

Kuna sababu ya kuharakisha. Uchunguzi uliofanywa huku umeonyesha kwamba baada ya neti kuenea, gambiae alipungua sana. Lakini funestus, mpenda maji ya kudumu yenye majani, ameonekana kurudi, akiwa amejenga usugu dhidi ya dawa za neti. Huyo ndiye aliyekutwa na virusi Kano mwaka 1978.

Nawe nyumbani ufanye nini? Lala chini ya neti iliyotiwa dawa kila usiku, hata kama kipimo chako cha malaria ni safi. Ukiwa na homa ndipo uitumie zaidi, hata mchana, kwa sababu siku za kwanza za homa damu yako ndiyo inayowaambukiza mbu. Kule ufuoni nimeona neti zikitandazwa ili kuanikia omena. Najua samaki ni riziki, lakini neti inayoanika omena leo haimzuii mbu mzee usiku. Kwa edesi wa mchana, funika mapipa, yasugue ndani kila wiki ili mayai yaliyogandamana ukutani yatoke, na usiache tairi nyuma ya nyumba zikichota mvua.

Mama yule alirudi baada ya wiki saba. Vidole vyake bado vilikuwa vizito asubuhi, lakini alikuwa ameanza kuuza tena, akibebewa karai na mwanawe. Aliniuliza kama itarudi. Nilimwambia kwamba aliyeugua homa ya aina hii kwa kawaida hubaki na kinga, na kwamba jina la ile iliyompata ningempa kama ningekuwa na kipimo.

"Basi tafuteni hicho kipimo, daktari," akasema. Nami nayafikisha maneno yake kwa wanaohusika.